Navaratri Kampala, mlima Januari: mwongozo wa anayekwenda kumzuru Mataji wa Pavagadh

Kama umeamua kwenda Gujarat, India, kumzuru Mataji, mungu mama wa mlima Pavagadh, shauri la kwanza ni la tarehe: usiende wakati wa Navaratri. Najua ndizo siku ambazo moyo huvutika zaidi. Ni siku tisa za Mataji mwenyewe, mlima umewashwa taa toka chini hadi juu, na shangazi aliyeko Vadodara ameshapiga simu kuuliza mnafika lini. Lakini ndizo siku ambazo Pavagadh hupokea watu kwa malaki. Magari binafsi huzuiliwa chini ya mlima, foleni hukatisha tamaa hata vijana, na ukishafika mbele ya Mataji unapata muda wa kupepesa macho tu kabla mlinzi hajakusukuma mbele. Mtu aliyevuka bahari na kutumia mamilioni ya shilingi hastahili kumwona Mataji kwa kuibia. Navaratri ikeshe Kampala. Mlima upande Januari.

Sababu nyingine ni shule. Uganda muhula wa tatu hufungwa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na watoto hawarudi darasani mpaka kuelekea Februari. Kipindi hichohicho Gujarat iko kwenye msimu wake wa baridi: mchana jua la kupendeza, alfajiri ubaridi wa kutafuta sweta. Ukingoja Aprili au Mei, joto hupita nyuzi 40 na mawe ya ngazi huchoma nyayo. Ukienda Julai au Agosti utakuta mvua zao za monsuni, na ngazi zenye utelezi si mahali pa kumpeleka mzee. Navaratri kubwa huangukia Septemba au Oktoba, na ile ya Chaitra huja Machi au Aprili. Tarehe huhama kila mwaka kwa kuwa kalenda ya Kihindu hufuata mwezi, ila wao huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka kadhaa ili sikukuu zisitoke nje ya msimu wake.

Januari nayo ina mtego mmoja. Tarehe 14 ni Uttarayan, sikukuu ya tiara. Gujarat nzima hupanda juu ya mapaa kurusha tiara, jamaa wa ng'ambo hurudi kwa wingi, treni hujaa, na nyuzi zilizopakwa unga wa chupa hukatiza barabarani na kuwajeruhi wapanda pikipiki shingoni. Ukipenda kuiona, ione ukiwa nyumbani kwa ndugu zako. Safari ya mlima iwe kabla ya tarehe 10 au baada ya tarehe 17.

Anzia hapa hapa

Kampala haikosi pa kusali. Hekalu la Sanatan Dharma Mandal liko mjini, la Swaminarayan liko Old Kampala, na usiku wa Navaratri kumbi za jumuiya hujaa ngoma ya garba mpaka majirani wanajua nyimbo. Katikati ya ukumbi huwekwa picha ya Mataji na chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake taa. Watu huzunguka chungu hicho wakipiga makofi, duara ndani ya duara. Baadaye hutolewa fimbo za dandia, na hapo mgeni ajichunge vidole.

Kama wewe si Mhindu na rafiki amekualika, nenda. Vua viatu mlangoni, vaa nguo inayofunika mabega na magoti, acha mkanda wa ngozi nyumbani ukiweza. Wakati wa aarti, ibada ya taa, sahani yake ikikufikia, pitisha viganja juu ya mwali kisha uviguse usoni, au inamisha kichwa tu, hakuna atakayekulazimisha. Prasad, chakula kilichobarikiwa, hupokewa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake, na huliwa. Haiachwi kwenye kiti. Ukikaa chini, kunja miguu. Nyayo hazielekezwi kwa Mataji. Mtu aliyelelewa Kibuli au Mombasa hatapata shida na haya, maana adabu ya kuingia nyumba ya ibada anayo tangu utotoni.

Wanaofunga siku hizo tisa huacha nafaka. Ndiyo maana sabudana hutawala jikoni: zile punje nyeupe kama lulu, zinazotengenezwa kwa wanga wa mhogo, hulowekwa usiku kucha kisha hukaangwa na viazi na karanga za kusaga. Ndizi mbichi si nafaka, kwa hiyo sioni kwa nini matoke yaliyopikwa kwa samli na chumvi ya mawe yasikubalike kwenye mfungo, lakini muulize mama mkwe kabla hujayapeleka mezani. Rolex ya kando ya barabara haina mjadala: chapati ni ngano, na ndani kuna mayai.

Kuanzia usiku huo wa garba mpaka Januari una miezi mitatu. Itumie kwa magoti. Hewa haitakusumbua: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Pavagadh ni kama mita 800 tu. Utakuwa unapanda mlima ambao kilele chake kiko chini kuliko maegesho ya Nakasero. Kinachomshinda mtu wa Kampala ni ngazi, kwa sababu siku hizi hata kilima cha Kololo tunakipanda kwa boda. Shuka kwenye boda chini, panda Kololo au Muyenga kwa mguu mara mbili kwa wiki, na zaidi ya yote jizoeze kushuka. Wengi hufika juu salama. Maumivu huja wakati wa kuteremka, paja likianza kutetemeka na goti kugoma.

Mlima wa nani?

Nimetaja Pavagadh kana kwamba ni mlima pekee. Sivyo. Kabla ya kukata tiketi muulize bibi yako ukoo wenu ni wa Mataji yupi. Familia za Kigujarati huwa na kuldevi, Mataji wa ukoo, na bibi akisema ni Chamunda, huwezi kwenda Pavagadh ukarudi bila kupita kwa Chamunda. Utaulizwa.

Chamunda yuko Chotila, kando ya barabara kuu ya Ahmedabad kwenda Rajkot, juu ya kilima cha ngazi zaidi ya 600. Ni mlima wa saa moja kwenda na kurudi kwa mwenye afya. Desturi ya pale ni kwamba baada ya aarti ya jioni binadamu wote hushuka, na usiku kilima huachiwa Mataji.

Amba yuko Ambaji, kaskazini karibu na mpaka wa Rajasthan. Hekalu kubwa la mjini halina sanamu. Kinachoabudiwa ni yantra, mchoro mtakatifu uliofunikwa, na karibu na hapo kuna kilima cha Gabbar chenye ngazi zipatazo 1,000. Mwezi mpevu wa Bhadarva, Agosti au Septemba, watu hutembea kwa mguu kutoka wilaya za mbali mpaka Ambaji, na njia nzima hujaa vibanda vya kujitolea vinavyogawa chai, chakula na mafuta ya kukanda miguu. Aliyewahi kuona mahujaji wa Namugongo wakiingia Kampala kwa vumbi na fimbo kabla ya Juni 3 atawatambua watu hawa mara moja.

Girnar, huko Junagadh, ni wa wenye miguu ya chuma. Hekalu la Amba liko kama ngazi 5,000 kutoka chini, na vilele vya mbele yake vinaongeza karibu mara mbili. Tangu Oktoba 2020 kuna magari ya nyaya yanayofika mpaka kwa Amba, kwa hiyo wazee sasa wanafika walikokuwa wakipasikia tu kwenye hadithi.

Na kuna kimoja ambacho watu wa pwani ya Afrika Mashariki wangepaswa kukijua zaidi: Koyla Dungar, kilima kidogo kando ya bahari kati ya Porbandar na Dwarka, mahali pa Mataji Harsiddhi. Mabaharia wanamheshimu kama mlinzi wa vyombo. Hadithi inasema zamani Mataji alikuwa juu kileleni, na kila jahazi lililopita mbele ya macho yake bila kumheshimu lilizama. Mfanyabiashara Jagdu Shah, aliyekuwa na vyombo baharini, alimsihi ashuke kilimani. Mataji akakubali kwa sharti la dhabihu kwenye kila ngazi. Wanyama wakaisha kabla ya ngazi kwisha, Jagdu akajitoa mwenyewe pamoja na jamaa zake, na Mataji akawarudishia uhai. Ndiyo maana leo kuna hekalu chini na lingine juu. Pwani hiyo ya Porbandar ndiyo iliyowaleta kwetu Nanji Kalidas Mehta, aliyeanzisha kiwanda cha sukari Lugazi, na Muljibhai Madhvani wa Kakira. Kama babu zako walitoka upande huo, mlima wenu huenda ni huu, na utaupanda kabla chai haijapoa.

Mimi bado nawaambia wanaokwenda mara ya kwanza waanze na Pavagadh. Uko karibu na reli, una njia ya miguu na ya nyaya, na ni miongoni mwa Shakti Peeth, mahali ambapo kwa mapokeo viliangukia viungo vya mwili wa mungu wa kike Sati. Kilichoangukia Pavagadh, wanasema, ni kidole cha mguu wa kulia. Kwa safari ya kwenda kwa mguu, sijui pengine panapofaa zaidi.

Karatasi

India haina mzaha na homa ya manjano. Ukitoka Uganda lazima uwe na kadi ya njano, na chanjo iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya kuingia. Ukikosa, unaweza kuwekwa karantini mpaka siku sita kwenye kituo cha uwanja wa ndege, na hapo hakuna Mataji wala shangazi wa kukuokoa. Chanjo moja inatosha maisha yote, kwa hiyo kwanza tafuta kadi yako ya zamani kwenye droo kabla ya kulipia nyingine.

Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Waganda wanaweza kuomba viza ya India kwa mtandao. Tovuti rasmi ya serikali yao huishia na gov.in, na zile nyingine zinazofanana nayo ni za mawakala wanaokutoza zaidi kwa kujaza fomu ileile. Omba walau wiki mbili kabla. Wenye asili ya India waliochukua kadi ya OCI hawahitaji viza, lakini wasiisahau nyumbani. Mambo yakikwama, ubalozi wa India uko Nakasero, barabara ya Kyadondo.

Pesa chukua kwa dola, noti safi zisizokunjwa, ubadilishe ukifika. Mgeni haruhusiwi kuingia India na rupia mkononi. Kisha omba noti ndogondogo. Wauza maua wa mlimani wamezoea malipo ya kuskani kwa simu ambayo simu yako ya Uganda haitaweza, na mwenye noti ya rupia 500 mbele ya kikapu cha maua ya rupia 20 hupoteza muda wa kila mtu.

Jambo moja la mzigo: Gujarat ni jimbo lisilo na pombe tangu lilipoundwa mwaka 1960. Ile chupa ya waragi unayotaka kumpelekea mjomba, iache Entebbe.

Njia

Uganda Airlines ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Mumbai mnamo Oktoba 2023, na kwa msafiri wa Kampala hiyo imefupisha mengi. Angalia ratiba kabla ya kupanga treni. Njia nyingine ni kupitia Dubai mpaka Ahmedabad, ambayo ni nzuri kwa wanaoanza na Ambaji au Chotila. Kwa Pavagadh, shuka Mumbai, lala usiku mmoja, kisha panda treni ya kwenda Vadodara, mji ambao wazee bado wanauita Baroda. Ni kama kilomita 400, saa nne na nusu hadi sita kutegemea treni. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla, na kwa Januari zinakwisha mapema. Mwambie ndugu aliye kule akukatie, maana mfumo wao unapenda namba ya simu ya India.

Kutoka Vadodara mpaka Champaner, chini ya mlima, ni kama kilomita 50. Mabasi ya serikali yapo, teksi zipo. Wengi hulala Vadodara na kuondoka saa kumi alfajiri. Ni sawa, ila ukiwa na wazee heri ulale Halol au Champaner kwenyewe, uwapunguzie safari ya gari kabla ya ngazi.

Mgeni Mwafrika aliyeandamana na marafiki Wahindu ataangaliwa sana, na ataombwa picha. Si kwamba Mwafrika ni kitu kigeni Gujarat. Vyuo vya Vadodara vina wanafunzi kutoka kila pembe ya Afrika, na zamani zaidi kuna Masidi, watu wa asili ya Afrika waliokuwepo huko kwa karne nyingi. Juu ya kilima cha Ratanpur, upande wa Bharuch, wana ziara ya Bava Gor, ambako ngoma za dhamal hupigwa kwa namna itakayokufanya ugeuke. Ukiwa na siku ya ziada, pita.

Ngazi

Kutoka Champaner basi dogo hukupandisha mpaka kituo cha Machi, katikati ya mlima. Hapo njia zinaachana. Kushoto na kulia kuna maduka ya chunri, zile shela nyekundu zenye ukingo wa dhahabu, marundo ya nazi, picha, na mikufu ya maua ya manjano. Nunua hapa, lakini kidogo: chunri moja, nazi moja, maua. Nazi iwe na kumvi lake. Mwaka 2023 uongozi wa hekalu ulipiga marufuku kupandisha nazi zilizofuliwa, baada ya ngazi na uwanja wa juu kuchafuliwa na mabaki. Muuzaji akikushawishi kwa iliyofuliwa kwa kuwa ni nyepesi, uliza kwanza sheria ya siku hiyo.

Gari la nyaya, ambalo wenyewe huliita udan khatola, lipo tangu 1986. Hukupandisha kwa dakika chache, ukielea juu ya miti na ngome zilizobomoka, kisha hukuacha mahali ambapo bado kuna ngazi 200 na kitu. Hili wengi hawaambiwi. Bibi anayedhani gari litamfikisha mlangoni atakata tamaa kwenye kituo cha juu, kwa hiyo mwambie mapema, mpumzishe, mpe maji, na umpandishe ngazi kumi kumi. Upepo ukiwa mkali gari husimamishwa, na kila mwaka kuna siku za kulifanyia matengenezo. Ulizia jana yake, si asubuhi yenyewe.

Kwa mguu kutoka Machi ni karibu ngazi 2,000. Maoni yangu: mwenye magoti mazima apande kwa mguu na ashuke kwa gari. Watu hufanya kinyume ili kuokoa pumzi, halafu kesho yake hawawezi kuketi chooni. Anza kabla ya jua. Saa kumi na mbili alfajiri mlima una watu wake maalumu: akina mama wasiovaa viatu wanaotimiza nadhiri, wakipaka unga mwekundu wa kumkum kwenye kila ngazi kwa kidole, ngazi baada ya ngazi, bila kuinua kichwa, vijana wanaopiga ukelele wa "Jai Mataji!" na mlima mzima kuitikia; mzee mmoja na fimbo, ambaye utamwacha nyuma mara tatu na kumkuta juu amekaa anakunywa chai. Usimkanyagie mama alama zake. Pita pembeni.

Nyani wa huko, langur wenye sura nyeusi na mkia mrefu kupita mwili, wanajua mfuko wa prasad kwa sauti yake. Anayewajua tumbili wa bustani ya Entebbe ajue hawa ni wakubwa zaidi na hawana haya. Mfuko uwe wa nguo, uwe mgongoni, na usifunguliwe njiani.

Utapita bwawa la Dudhiya, na jirani yake magofu ya hekalu la Lakulisa lenye umri wa miaka elfu moja hivi, ambalo karibu kila mtu hulipita mbio akiwahi foleni. Simama hata dakika tano. Michongo yake imelika kwa mvua lakini bado inasomeka.

Mbele ya Mataji

Viatu huachwa kabla ya ngazi za mwisho. Lipa mtunzaji, chukua namba. Simu izime na uiweke ndani, kwani kupiga picha chumba cha ndani ni marufuku. Foleni hupinda, kisha ghafla uko mbele yake, na mgeni wa mara ya kwanza hushtuka, kwa sababu Kalika wa Pavagadh hana mwili. Ni uso tu, mwekundu, wenye macho makubwa yaliyo wazi kabisa. Pembeni yake wako Mahakali na Bahuchara. Watu wengi hufumba macho kusali wakifika pale. Usifumbe. Darshan ni kuonana. Umetoka Kampala ili akuone na wewe umwone. Sala zako zisome ukiwa kwenye foleni, na sekunde zako za mbele ya Mataji zitumie kutazama.

Nazi na chunri mpe pujari, kuhani wa hekalu. Atazigusisha na kukurudishia sehemu. Sadaka ya fedha weka kwenye sanduku, omba stakabadhi kama ni kubwa. Akitokea mtu nje ya mstari anayeahidi kukuombea kwa bei maalumu, mshukuru uendelee.

Ukitoka, angalia juu ya mnara. Kwa karne kadhaa hekalu hili halikuwa na kilele. Sultani Mahmud Begada wa Gujarat aliuzingira mlima kwa mwaka mmoja na zaidi na kuuteka mwaka 1484. Kilele cha hekalu kilibomolewa, na baadaye juu yake pakawa na kaburi la walii Sadan Shah. Katika ujenzi mpya kaburi lilihamishiwa jirani kwa makubaliano, kilele kikajengwa, na Juni 18, 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi akapandisha bendera. Wenyeji nao wana maelezo yao ya kwa nini ufalme ulianguka. Usiku mmoja wa Navaratri, wanasema, Kalika alishuka kucheza garba kwa umbo la mwanamke. Patai, mfalme wa mwisho wa pale, akamshika pindo la nguo akimtaka. Mataji akamlaani, na ngome ikaanguka. Utasikia garba za Kampala zikimwimba mfalme huyo, na baada ya kusimama pale juu utajua yanatajwa magofu yapi.

Ukishuka usikimbilie basi. Mahmud Begada aliijenga Champaner upya kuwa mji wake mkuu, na msikiti wake wa Ijumaa bado umesimama, minara miwili ya kama mita 30, nguzo nyingi, kuta zilizochongwa maua na mizabibu na mafundi waliokuwa wakichonga mahekalu. UNESCO iliuingiza mlima na mji kwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Ni kimya, pana kivuli, na baada ya makelele ya mlimani ni mahali pazuri pa kumpumzisha bibi na kula chapati za thepla mlizobeba.

Kurudi

Jamaa wa Kampala watataka prasad. Hapa kuna la kujihadhari: nazi kavu, mbata, haipandi ndege India, si mkononi wala kwenye sanduku, kwa sababu ina mafuta na hushika moto. Nazi uliyorudishiwa ivunje, uile na wenyeji wako hukohuko. Cha kubeba ni chunri, kumkum kwenye kikopo kilichofungwa vizuri, na vitamu vikavu. Vigawe kidogo kidogo, kwa jirani pia, na kwa askari wa geti aliyelinda nyumba mkiwa safarini. Prasad haina dini ya kuulizia.

Siku 12 zinatosha: mbili za Mumbai, nne za Vadodara na Pavagadh, nyingine za kuldevi na ndugu. Usijaribu milima minne safari moja. Na kama pasipoti yako imebakisha chini ya miezi sita, acha kwanza habari za tiketi, uende ofisi ya pasipoti ya Kyambogo kesho asubuhi.